Mwanga wa mchana, usingizi na uchangamfu: maswali ninayoulizwa sana huku Nyanda za Juu Kusini

Mnyakyusa akikuamkia asubuhi husema "Ugonile", na ndani ya neno hilo kumo kulala: anataka kujua kama umelala. Nilifanya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia Uyole, Mbeya, na swali hilo limenifuata hadi sokoni Mwanjelwa na kwenye daladala. Usiku usingizi hauji, saa 8 mchana unakuja bila kuitwa. Wengi hutarajia niwatajie kidonge. Mimi huwauliza kwanza: jana ulikaa nje muda gani, kukiwa kweupe? Majibu haya yametokana na mazungumzo hayo.

Mwanga unahusiana nini na usingizi? Si mtu akichoka analala?

Uchovu peke yake hautoshi. Unaweza kupalilia mahindi kutwa nzima kisha ukagaagaa kitandani hadi usiku wa manane bila kupata hata lepe la usingizi. Lazima mambo mawili yakutane: uchovu uliolimbikizwa tangu ulipoamka, na saa ya mwili iliyokubali kwamba sasa ni usiku.

Saa hiyo ipo kweli. Ni kifundo kidogo cha seli za neva zipatazo 20,000, kilichokaa ndani ya ubongo juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapopishana. Chenyewe ndicho kinachopanga joto la mwili lipande lini na lishuke lini, njaa ije lini, na tezi iliyo katikati ya ubongo ianze saa ngapi kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia. Taabu ni kwamba saa hii haiendi sawa na ya ukutani. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwaweka watu kwenye mwanga hafifu, bila dalili yoyote ya mchana wala usiku, wakakuta mzunguko wao wa ndani ni wastani wa saa 24 na dakika 11. Dakika 11 zinaonekana si kitu. Lakini zikiachwa zijilimbikize wiki nzima unapata zaidi ya saa moja, na mtu anabaki akishangaa kwa nini kila Ijumaa anakuwa macho hadi saa 6 usiku.

Kinachoirudisha saa hiyo kwenye mstari kila siku ni mwanga unaoingia machoni, hasa ule wa asubuhi. Mwanga wa asubuhi huivuta mbele, ukapata usingizi mapema jioni. Mwanga wa usiku huirudisha nyuma, ukachelewa kulala na kuamka ukiwa mzito.

Hii elimu ya saa ya mwili si mambo mapya ya intaneti?

Ni ya zamani kuliko umeme. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alichukua mmea wa aina ya kifauwongo, ule ambao watoto wetu huugusa ili wauone ukisinyaa, akaufungia gizani. Ukaendelea kufungua majani wakati wa mchana na kuyafunga usiku, ingawa jua hauwezi kuliona. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Walijifunza kwa wale inzi wadogo wanaozengea ndizi zilizoiva.

Huku ni mawingu na ukungu. Huo mwanga tutautoa wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu ndipo macho yetu yanapotudanganya.

Mboni ya jicho hupanuka na kusinyaa, na pazia lililo nyuma ya jicho hujirekebisha, kiasi kwamba ukitoka sebuleni kwenda uani unaona tofauti ni ndogo. Si ndogo hata kidogo. Mwanga hupimwa kwa kipimo kinachoitwa luksi. Mshumaa ukiuona kwa umbali wa mita moja ni luksi 1. Sebule yenye balbu moja usiku mara nyingi haifiki 150. Ofisi yenye taa nzuri ni luksi 300 hadi 500. Sasa toka nje Tukuyu siku ya mvua, wingu zito limekaa juu ya migomba na Mlima Rungwe hauonekani kabisa: bado unapata luksi 1,000 au 2,000, na wingu likiwa jepesi unaweza kupata 10,000 na zaidi. Jua la wazi la mchana hukaribia 100,000.

Kwa hiyo mchuma chai wa Mufindi aliyelowa ukungu tangu asubuhi amepata mwanga mara kadhaa kuliko karani aliyeketi chini ya taa mbili. Karani atakuambia siku yake ilikuwa angavu na ya mchuma chai ilikuwa ya giza. Saa ya mwili haisikilizi maoni yake.

Kuna jambo moja zaidi. Seli zinazopeleka taarifa kwenye saa hiyo si zile tunazoonea. Zina rangi yake maalumu, melanopsini, na zilitambuliwa mwaka 2002. Hupenda zaidi mwanga wa buluu, na anga la mchana, hata lenye mawingu, limejaa buluu.

Basi kwa nini mwezi wa sita hadi wa nane najisikia mzito namna hii?

Watu wengi wamesikia kwamba Wazungu hupata huzuni ya majira ya baridi, wakadhani na sisi ni hivyo hivyo. Ugonjwa huo upo, na daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza mwaka 1984. Lakini kule kaskazini ya mbali mchana wa Desemba unaweza kuwa wa saa 6 tu. Hapa Mbeya siku fupi kuliko zote, mwishoni mwa Juni, ina mchana wa zaidi ya saa 11 na nusu. Siku ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, ina kama saa 12 na dakika 40. Tofauti ni saa moja na kitu.

Halafu kumbuka kipupwe cha Mbeya mjini kilivyo. Mvua imekatika tangu Mei, anga ni jeupe, jua linawaka juu ya Loleza na vumbi linapepea barabarani. Miezi yetu ya baridi ndiyo miezi yetu ya jua. (Mufindi, Njombe na Makete wenye ukungu wa asubuhi watanibishia kidogo, na wana haki.)

Kilichobadilika ni sisi. Baridi ikiuma tunafunga mlango na dirisha, tunavuta pazia, tunakaa tumejikunyata hadi saa 4 asubuhi. Muuza duka anarudi nyuma ya kaunta, mwalimu hatoki kwenye chumba cha walimu. Jua lipo nje, sisi tuko ndani, na mwili unahesabu kwamba kumekucha kwa kuchelewa. Dawa yake ni sweta, mzula na kiti kibarazani. Lugha yetu ina neno zuri kwa hili, kuota jua, na wazee wetu walilifanya kila asubuhi ukutani upande wa mashariki bila kumsubiri mtafiti.

Na kwa kuwa tumetaja baridi: usilale na jiko la mkaa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu. Usingizi unaoletwa na jiko hilo si ule tunaouzungumzia hapa.

Je, ni kweli jua la Mbeya huchelewa kuliko la Dar es Salaam?

Ni kweli, kwa zaidi ya dakika 20. Saa ya Tanzania imewekwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hauigusi nchi yetu kabisa. Sote tuko magharibi yake. Dar iko karibu na nyuzi 39, Iringa karibu na 36, Mbeya karibu na 33 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika 4.

Ndiyo maana mwishoni mwa Juni jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Hesabu yetu ya Kiswahili inataka saa 12 iwe mapambazuko na saa 1 iwe saa ya kwanza ya mchana, lakini hapa mwezi huo saa ya kwanza bado ina utandu wa giza. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 kwenda shule Mbeya anatembea gizani, wakati mwenzake wa Dar anaona njia mapema zaidi. Saa ya ukutani ni moja, miili ni miwili. Mtu akihamishiwa huku kutoka Pwani akalalamika kwamba kuamka ni kugumu, msimwite mvivu wiki ya kwanza.

Nikae nje kwa muda gani, na saa ngapi?

Ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka, kukiwa kumepambazuka. Siku ya jua, dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa watu wengi. Siku ya wingu zito, ongeza hadi saa nzima kama unaweza. Sina namba takatifu, na anayekupa namba takatifu mtilie shaka.

Usilitazame jua moja kwa moja, hata likiwa limetoka tu. Haina haja. Mwanga wa anga lote unatosha: kufagia uwanja, kulisha kuku, kutembea hadi Kabwe badala ya kupanda bajaji. Ukiweza, toka tena mchana kula chakula chako nje.

Mfano mzuri uko hapa hapa nchini. Utafiti uliotoka mwaka 2015 uliwapima Wahadzabe wa kuzunguka Ziwa Eyasi, pamoja na jamii nyingine za Namibia na Bolivia zinazoishi bila umeme. Walikuwa wakipata mwanga mwingi kabisa asubuhi, karibu saa 3, kisha mchana wakajificha kivulini. Hawakulala mara jua lilipozama: walikaa macho wastani wa saa 3 na zaidi. Na hawakulala kwa muda wa saa 9 kama tunavyodhani watu wa kale walilala. Walilala kwa muda wa kama saa 6 hadi 7. Sitaki mtu arudi porini. Ninachotaka uone ni asubuhi yao.

Kukaa karibu na dirisha hakutoshi?

Kunasaidia, maana kioo hupitisha mwanga unaohitajika na saa ya mwili. Ila ukisogea mita chache ndani ya chumba mwanga unapungua sana. Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo, nondo, wavu wa mbu, pazia zito na mti wa mparachichi nje. Hesabu mwenyewe. Vitamini D ni suala jingine: hiyo hutengenezwa na ngozi kwa mionzi ambayo kioo cha kawaida huizuia.

Simu ndiyo inayoniharibia usingizi?

Kwa sehemu. Nadhani simu inalaumiwa kuliko inavyostahili na balbu ya darini inaachwa bila kosa.

Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watu waliosoma kwenye kifaa chenye kioo kinachong'aa kwa saa 4 kabla ya kulala, siku 5 mfululizo, walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10 wakilinganishwa na usiku waliosoma kitabu cha karatasi, na melatonini yao ilichelewa saa moja na nusu. Hilo si dogo. Lakini hao walikaa kwenye mwanga hafifu mchana kutwa. Aliyeshinda juani hadi jioni, macho yake hayashtushwi kirahisi na mwanga wa usiku.

Jaribio jingine, la mwaka 2013, liliwapeleka watu wanane kambini kwenye milima ya Colorado kwa wiki moja, bila taa wala simu, mwanga wao ukiwa jua na moto wa kuni tu. Saa zao za mwili zilisogea mapema kwa kama saa 2. Wanakijiji wa Makete wangeona ajabu kwamba hilo linahitaji kuandikwa.

Basi usiku, kuanzia saa 2 au 3, zima taa kali nyeupe ya darini, washa ndogo ya rangi ya njano, iwe chini ya usawa wa macho. Punguza mng'ao wa simu. Na habari unazozisoma humo, deni la kikundi, mabishano ya familia kwenye kundi la ukoo, zinakuweka macho hata kioo kingekuwa cha giza. Umeme ukikatika, wala usinung'unike sana; hiyo jioni moja utalala vizuri.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Ushauri huu unanihusu?

Unakuhusu, ila unageuka. Nami nilishika zamu za usiku, na nakumbuka nikitoka wodini saa 1 na nusu asubuhi, jua la Mbeya likinipiga usoni njia nzima. Nikifika nyumbani nimeamka kabisa, nimefua, nimepika, kisha nikalala saa 6 mchana kwa mang'amung'amu. Hakuna aliyenieleza kosa lilikuwa wapi. Jua lile la asubuhi lilikuwa linaiambia saa yangu kwamba siku imeanza.

Kwa zamu inayodumu wiki kadhaa: pata mwanga mkali mwanzoni mwa kazi, upunguze saa za mwisho. Ukirudi nyumbani vaa kofia pana na miwani ya jua, mradi huendeshi chombo ukiwa unasinzia. Lala mara moja, dirisha limezibwa kwa blanketi zito. Ukiamka jioni toka nje kabla jua halijazama. Kwa zamu zinazobadilika kila siku mbili tatu, kusema kweli mwili hauwezi kuzikimbiza. Hapo tafuta tu jumla ya saa za kulala, hata ukizigawa mara mbili.

Dereva wa lori la Tunduma aniwie radhi: mwanga hauchukui nafasi ya usingizi. Ukisinzia, egesha. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, mara ya kwanza mwaka 2007 na tena 2019, kwa hiyo mwajiri anayepanga zamu kiholela si mkali tu, anaharibu afya za watu.

Kijana wangu wa sekondari haamki. Ni uvivu?

Mara nyingi si uvivu. Wakati wa kubalehe saa ya mwili husogea nyuma yenyewe. Usingizi unakuja usiku zaidi na kuamka kunakuwa kugumu. Huyo huyo bwenini anaamshwa saa 11 alfajiri, anajisomea chini ya taa nyeupe hadi saa 4 usiku, na asubuhi yote yuko darasani. Mwalimu akiweza, gwaride na usafi viwe nje baada ya kupambazuka badala ya gizani. Wikendi mzazi asimwache alale hadi saa 6 mchana; saa mbili za ziada zinatosha, la sivyo Jumatatu ni kilio.

Mama yangu mzee anasinzia mchana, usiku anazunguka nyumbani.

Mtoe nje, mama yako. Lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyokwenda, na mtoto wa jicho huzuia mwanga zaidi, hivyo mzee anahitaji mwanga mwingi kuliko wewe, lakini ndiye tunayemkalisha chumba cha ndani kwa heshima. Mpe kiti kibarazani, shali na kikombe cha uji, asubuhi na tena alasiri. Afanyiwe uchunguzi wa macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Akianza ghafla kuchanganyikiwa usiku, hiyo ni hospitali, inaweza kuwa maambukizi au dawa.

Na mtoto mchanga?

Saa yake hujijenga miezi 2 au 3 ya kwanza. Mchana mweke kwenye chumba chenye mwanga, usiku mnyonyeshe kwenye giza la kutosha. Hadi hapo, vumilia tu, dada.

Vipofu wanapataje hiyo taarifa?

Wapo wasioona kitu lakini seli zile za melanopsini bado ni nzima, na saa zao huenda sawa. Wasiopokea mwanga kabisa mara nyingi saa yao huteleza: wiki hizi wanalala vizuri, wiki zile usingizi unawajia mchana. Wakilalamika, waamini.

Mwanga unaweza kutibu sonona?

Unaweza kusaidia. Kwa ile ya majira, tiba ya kawaida nje ya nchi ni taa ya luksi 10,000 kwa kama dakika 30 kila asubuhi, na kuna ushahidi kwamba inasaidia hata aina nyingine za sonona. Sisi tunayo anga, haihitaji LUKU.

Lakini usiache dawa zako kwa sababu umesoma ukurasa huu. Mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka aongee na daktari kwanza, maana mwanga mkali unaweza kumpandisha kupita kiasi. Na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, hula, huoni sababu ya kuendelea kuishi, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Jua halitaniunguza?

Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Mbeya ni kama mita 1,700. Baridi inatudanganya tukadhani jua ni pole. Uzuri ni kwamba saa ya mwili inataka macho, haitaki ngozi: mikono mirefu na kofia havizuii faida hii. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni lazima, si hiari: asubuhi mapema, kofia pana, nguo za mikono mirefu, kivuli chenye mwanga, na mafuta ya kinga. Hospitali ya KCMC ya Moshi hutengeneza mafuta yanayoitwa Kilisun mahsusi kwao. Uliza kliniki ya ngozi.

Mbalamwezi inaharibu usingizi?

Mwezi mpevu haufiki hata luksi moja. Msisingizie.

Nitaona tofauti lini?

Saa ya mwili husogea polepole, mara nyingi chini ya saa moja kwa siku. Aliyezoea kulala saa 7 usiku asitarajie kulala saa 4 kesho. Ipe saa yako wiki mbili za asubuhi za nje, pamoja na saa ile ile ya kuamka kila siku. Kwa kawaida uchangamfu wa asubuhi ndio unaotangulia, usingizi wa jioni unafuata. Chai na kahawa ziishie saa 8 mchana. Nusu ya kafeini bado iko mwilini saa 5 baadaye, na hilo wenzangu wa Mbozi na Rungwe hawapendi kulisikia. Kama unakoroma hadi jirani analalamika na mchana unasinzia ukiongea na watu, usisubiri wiki mbili: hapo tatizo huenda ni pumzi inayokatika usingizini, na jua halilitibu.